Sikiliza Kwato: Jinsi ya Kumsoma Punda Wako Mchangani, Kwenye Mawe, Topeni na Kwenye Lami

Simama asubuhi ukingoni mwa bahari pale Lamu, majahazi yanaposhusha mchanga na mawe ya kujengea, kisha ufumbe macho. Punda anapita juu ya saruji: ko, ko, ko, ko, midundo minne iliyo sawa. Anaingia kichochoroni na midundo inakaribiana, kwa sababu amefupisha hatua. Mbele kidogo sauti inamezwa kabisa, unasikia tu mzigo ukilalama juu ya tandiko. Amefika mchangani. Hukumwona, lakini umejua yuko wapi na anakanyaga nini.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayefanya kazi na punda: mbeba mawe wa Lamu, mchota maji wa Dodoma, mwenye mkokoteni wa Limuru, au kijana aliyenunuliwa punda wake wa kwanza juzi. Neno langu kwako ni moja. Punda hubadilisha mwendo kabla wewe hujatambua kwamba ardhi imebadilika. Ukijifunza kuusoma mwendo huo, utajua lini upunguze mzigo, lini ungoje na lini ugeuze njia. Usipoujua, utamchapa mnyama anayejaribu kukuokolea mzigo wako na miguu yake.

Kwanza, ujue mwendo wake wa kawaida

Huwezi kujua kilichobadilika kama hujui kilivyokuwa. Tafuta mahali tambarare, pagumu, pasipo changarawe, umtembeze punda bila mzigo hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi. Mwachie kamba iwe legevu. Akitembea, miguu hufuatana hivi: wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia. Utahesabu midundo minne, na wakati wote miguu miwili au mitatu iko chini. Huu ndio mwendo wa kubebea mzigo, kwa sababu mwili hauachwi bila nguzo hata kidogo.

Akienda matiti, miguu huungana jozi kwa mshazari: wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, kisha jozi ya pili. Midundo inakuwa miwili. Akienda shoti kuna kipindi kifupi ambapo miguu yote minne iko hewani. Watu walibishana jambo hilo miaka mingi, hadi mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipompiga picha za mfululizo farasi akikimbia huko California, ikaonekana wazi.

Kuna sababu ya mnyama kuhama kutoka mwendo mmoja hadi mwingine. Mwaka 1981, Donald Hoyt na C. Richard Taylor walichapisha vipimo vya farasi wadogo waliofunzwa kutembea, kwenda matiti na kwenda shoti juu ya mkanda unaozunguka. Walikuta kwamba kila mwendo una kasi yake ambayo kwayo mnyama hutumia oksijeni kidogo zaidi kwa umbali uleule kuliko kwa kasi nyingine za mwendo huo, na mnyama akiachwa huru huchagua kasi hiyo mwenyewe. Kwa hiyo punda wako anapoendelea na kasi yake bila kuhimizwa, usidhani anakuibia muda. Amepata bei nafuu ya safari. Ukimlazimisha aende kasi ambayo kutembea hakufai tena na matiti bado hayajafaa, unamchosha bure.

Rudia zoezi hili kila wiki hadi sauti ya kwato zake ikukae sikioni kama sauti ya mtu wa nyumbani mwako.

Unyanyue mguu, utazame anachokanyagia

Punda hukanyaga kwa kidole kimoja tu katika kila mguu, na ukwato ni ukucha wa kidole hicho. Ukwato wake ni mwembamba na umesimama zaidi kuliko wa farasi. Mababu zake ni punda mwitu wa nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, nchi ya mawe na vumbi. Chini, katikati ya unyayo, kuna kipande laini chenye umbo la pembetatu. Uzito ukishuka, ukwato hutanuka kidogo upande wa kisigino. Mguu ukiinuka, hurudi. Kutanuka huko hupunguza mshtuko na kusaidia damu kuzunguka.

Mlinganishe na wanyama wengine utaona kila mmoja amevishwa kiatu cha nchi yake. Ngamia ana vidole viwili juu ya wayo mpana na laini, ndiyo maana hazami mchangani. Lakini umpitishe kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, uone anavyoteleza. Mbuzi mawe husimama juu ya ncha za kwato zake na kurukaruka penye mwamba ambapo wewe ungeshikilia kwa mikono. Nzohe wa vinamasi vya Ziwa Viktoria ana kwato ndefu zinazopanuka, akapita penye matete na maji. Punda wako hana wayo wa ngamia wala kwato za nzohe. Alichopewa ni ukwato mgumu wa nchi kavu yenye mawe, na kila unapomtoa hapo, hana budi kufidia kwa mwendo.

Mchangani

Mchanga mkavu hufanya mambo mawili kwa pamoja: unazamisha mguu unaposhuka, na unakimbia nyuma mguu unaposukuma. Nguvu ambayo ingempeleka mbele inaishia kuhamisha chembe za mchanga. Vipimo vilivyofanywa kwa binadamu vilionyesha kwamba kutembea mchangani kwaweza kugharimu zaidi ya mara mbili ya nguvu zinazohitajika kwenye ardhi ngumu kwa kasi ileile. Punda ana miguu minne, lakini mchanga haumhurumii.

Utaona akifupisha hatua, akikawia zaidi kwenye kila mguu kabla ya kuunyanyua, na akiinamisha kichwa na shingo mbele. Hizo ni dalili za kawaida. Zisizo za kawaida ni kupumua kwa kasi huku pua zimetanuka, kuburuza ncha za kwato za nyuma hadi zichore mistari, na kuyumba nyonga. Ukiona mistari mchangani nyuma yake, simama.

Ufanye nini? Punguza mzigo kabla ya kuingia mchangani, si baada ya kukwama. Mzigo unaobebeka kwenye lami ni mzito mno ufukweni. Pita kwenye ukanda wa mchanga uliolowa ambao maji yameuacha hivi punde, kwani hapo chembe zimeshikana na mguu hauzami. Kwa hiyo panga safari kwa saa za maji kupwa, na kumbuka kwamba siku za bamvua maji hujaa juu kuliko kawaida na kula njia yote, ukabaki na mchanga mkavu wa juu au maji yenyewe. Kama una mkokoteni wa matairi, tairi pana lililopunguzwa upepo kidogo huzama kidogo. Ukirudi kwenye lami, lijaze tena, la sivyo utakuwa umehamishia taabu barabarani.

Kwenye lami, saruji na mawe yaliyolainika

Ardhi ngumu humrudishia punda nguvu zake vizuri, na ndiyo maana hapa huenda kwa wepesi. Gharama yake iko kwingine. Kila mdundo hupanda kutoka ukwatoni hadi kwenye viungo, na miguu ya mbele hupokea sehemu kubwa, kwani mnyama wa jamii hii akisimama tu hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake mbele. Kwa hiyo usimwendeshe matiti masafa marefu juu ya lami akiwa na mzigo. Mwache atembee. Penye ukingo wa udongo kando ya barabara, mpitishe huko, mradi magari hayamhatarishi. Saa za jua kali, weka kiganja chako juu ya lami. Ukishindwa kukiacha hapo, tafuta namna ya kumpitisha kivulini.

Ardhi ngumu ikilowa, hatari inabadilika. Lami yenye mafuta, saruji laini, mawe ya mitaa ya kale yaliyosuguliwa na nyayo za vizazi: hapo ukwato hukosa mshiko. Mguu huteleza nyakati mbili, unapotua na kujaribu kufunga breki, na unaposukuma kuondoka. Punda mwerevu hupunguza hatari ya nyakati zote mbili. Hukanyaga wima chini ya kiwiliwili chake badala ya kupeleka mguu mbele, hupanua miguu kando, hupunguza kasi, na hujitahidi miguu mitatu iwe chini kabla ya kuunyanyua wa nne.

Wewe msaidie kwa kutomgeuza ghafla. Kona za vichochoro ndizo zinazoangusha punda, hasa mwenye mzigo mrefu kama boriti. Mgeuze kwa duara pana, au msimamishe kwanza kisha umgeuze. Usimvute kamba, mvuto wa ghafla unaihamisha shingo yake, na shingo ndiyo mizani anayotumia kusimama. Penye utelezi mkubwa, tandaza mchanga, pumba za mbao au gunia kuukuu.

Kwenye njia ya mawe

Hapa punda yuko kwao, ila anahitaji kitu kimoja kutoka kwako: kichwa chake kiwe huru. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na hayamwonyeshi vizuri kilicho miguuni pake mpaka ashushe pua. Atainamisha kichwa, atachagua jiwe, ataweka mguu wa mbele, na mara nyingi mguu wa nyuma wa upande uleule utatua karibu na alama ileile. Miguu ya nyuma haitazami njia. Inafuata kile ambacho macho yaliona na miguu ya mbele ikathibitisha. Watafiti waliochunguza paka wamekuta kwamba mnyama aliyekwisha kuvuka kizuizi kwa miguu ya mbele hukikumbuka hata akisimama katikati, kisha huinua ya nyuma kwa kiasi kinachofaa.

Ukimfunga hatamu fupi, unamziba macho. Ukimharakisha, unamnyima muda wa kukumbuka. Legeza kamba, tembea ubavuni pake karibu na bega wala si mbele yake ukivuta, na umwachie achague pa kukanyaga. Hakikisha mzigo una uzito sawa pande zote mbili. Shogi lililojaa upande mmoja hulazimisha miguu ya upande huo kukanyaga kwa nguvu kila hatua, na penye mawe ndipo kifundo kinapopinduka.

Topeni

Ng'ombe humzidi punda hapa, na si kwa ukubwa wake. Ukwato wa ng'ombe umepasuka sehemu mbili: ukizama hupanuka, ukinyanyuliwa hujikunja, hewa ikaingia na tope likaachia. Ukwato wa punda ni kipande kimoja chembamba. Huzama kama kigingi na tope huushika kwa chini. Ndiyo maana utamwona akiinua miguu juu kuliko kawaida na kukanyaga kwa shaka, akipima kabla ya kutia uzito.

Walio kwenye mbuga za udongo mweusi wanalijua hili vizuri. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa ambamo mguu waweza kunaswa. Mvua ikinyesha hugeuka gundi inayobandika kwenye kwato hadi punda anatembea juu ya mabonge. Simama kila baada ya umbali mfupi uyabandue. Fuata njia yenye nyasi, maana mizizi hushika udongo. Akizama hadi magotini, usimchape. Kila anapojitikisa anazama zaidi. Mshushe mzigo wote kwanza, umpe nafasi apumzike, tandaza matawi mbele yake, ndipo umwite.

Tope halimalizi kazi yake njiani. Ukwato wa punda hunyonya maji kwa urahisi, na ukikaa kwenye unyevu siku nyingi hulainika, vijidudu huingia, na sehemu ile laini ya katikati huanza kuoza na kutoa harufu mbaya. Msimu wa mvua mlaze mahali pakavu, hata kama ni pembe moja tu ya banda uliyoinua kwa changarawe.

Kwenye mteremko na mwinuko

Akipanda, punda huinamisha shingo mbele na miguu ya nyuma hufanya kazi ya kusukuma. Mzigo uliofungwa vibaya hurudi nyuma na kumvuta, basi ufunge kwa mkanda wa kifuani. Mwache asimame kupumua, na ikiwa una mkokoteni, weka jiwe nyuma ya gurudumu wakati huo ili asiushikilie kwa mwili wake.

Kuteremka ndiko kugumu zaidi, ingawa wengi hudhani ni mapumziko. Uzito humiminikia miguu ya mbele, nayo hulazimika kufunga breki kila hatua. Punda huingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo, hufupisha hatua na kwenda polepole sana. Wepesi wake ukizidi hapo, ujue mzigo ndio unaomsukuma. Mpitishe kwa mshazari kama upana wa njia unaruhusu. Mkanda unaozunguka mapaja yake kwa nyuma huzuia tandiko na mkokoteni kumwangukia mabegani. Mkokoteni usio na mkanda huo wala breki haufai kwenye mlima, na hakuna haraka ya soko inayoweza kuufanya ufae. Tunasema punda afe mzigo ufike, lakini mwenye kuishi kwa punda anajua kwamba akifa huyo, mzigo wa kesho haufiki.

Anaposita

Sehemu hii ndiyo iliyonisukuma kuandika. Punda amefika kwenye dimbwi, au kwenye daraja la mbao, au pale lami inapoishia na kabro kuanza. Anasimama, anainamisha kichwa, anapuliza pumzi. Fimbo inanyanyuka.

Ngoja. Farasi akishtuka hukimbia. Punda aghalabu husimama kwanza apime. Dimbwi hilo halimwonyeshi kina chake. Daraja lina sauti tofauti. Rangi ya ardhi imebadilika, na kwa mnyama asiyeweza kugusa kwa mkono, rangi mpya yaweza kuwa shimo. Anakuuliza swali, nawe ndiye mwenye jibu. Tangulia wewe, ukanyage dimbwi mbele ya macho yake. Mwache anuse. Akiweka mguu mmoja kisha akauondoa, usimkatize, ndivyo anavyopima. Kama yuko punda mwenzake aliyezoea, mtangulize huyo. Utapoteza dakika tano leo, na kesho atavuka bila kusimama, maana punda hasahau njia. Hasahau pia fimbo. Aliyechapwa darajani huliogopa daraja maradufu: kwa sababu ya mbao, na kwa sababu yako.

Ni ardhi au ni maumivu?

Mwendo wake ukibadilika na ardhi haijabadilika, tafuta ugonjwa. Mrudishe kwenye lile eneo gumu na tambarare, bila mzigo, mtu mwingine amwendeshe matiti polepole huku wewe ukitazama.

- Mguu wa mbele ukiuma, kichwa hupanda pale mguu mbovu unapogusa chini, na hushuka ule mzima unapopokea uzito.
- Mguu wa nyuma ukiuma, nyonga ya upande huo hupanda na kushuka zaidi kuliko ya pili.
- Akichechemea zaidi kwenye ardhi ngumu, anza na ukwato na viungo. Akichechemea zaidi mchangani, shuku kano na misuli.
- Asipotaka kabisa kukanyagia mguu mmoja, na jana alikuwa mzima, huenda kuna msumari, jiwe au jipu ndani ya ukwato. Usimfanyishe kazi, mwite mtaalamu wa mifugo.
- Akisimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, na kwato zina joto, ni dharura.

Punda huficha maumivu kuliko farasi. Kuchechemea kidogo unakokuona leo huenda kulianza wiki iliyopita. Lamu kuna kliniki ya punda iliyoanzishwa na shirika la Donkey Sanctuary mwaka 1987. Kwingine, ulizia ofisi ya mifugo ya eneo lako. Kwato zikatwe na fundi anayejua kazi kila wiki 6 hadi 10, kwani ukwato mrefu hubadilisha mwendo kwenye kila aina ya ardhi, na hakuna njia nzuri inayoweza kuuponya.

Desturi ya kila siku

Asubuhi, kabla ya tandiko, nyanyua miguu yote minne, safisha unyayo kwa chuma butu kuanzia kisigino kwenda ncha, gusa kama kuna joto, nusa kama kuna harufu. Mtembeze zile hatua ishirini. Kisha fikiria njia nzima utakayopita leo, ukatafute kipande kibaya kuliko vyote, kiwe ni mchanga wa juu, mteremko wa mtoni au kona yenye utelezi, na umpakie mzigo wa kukitosha kipande hicho. Wengi hupima mzigo kwa ardhi ya mlangoni pao.

Jioni ukimfungua, rudia hatua ishirini. Funga macho ukipenda. Kama midundo minne imerudi sawasawa kama ilivyokuwa alfajiri, mpe maji na majani, umwache alale. Kama mmoja umekawia, umejua kazi yako ya kesho kabla hajakuonyesha kwa kuchechemea.